Naomba ushauri: hoteli ya Venice kwa mama mwenye shida ya magoti

Kitinda Mimba

Wakuu habarini, na wakubwa shikamooni.

Mama anatimiza miaka 70 katikati ya Novemba. Alifundisha jiografia maisha yake yote, na ukutani sebuleni kuna karatasi ya kalenda ya zamani yenye picha ya Venice. Tumekua tukimsikia, "Mji huo nitauona." Sasa tumechanga watoto wote wanne, viza zimetoka, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Tutalala siku 3.

Shida ni magoti. Kwenye tambarare anatembea vizuri na mkongojo wake. Ngazi ndizo zinazomtesa, hasa kushuka. Dada zangu wanataka alale usiku mmoja Gritti Palace, jumba la mwaka 1475 lililokuja kuwa makazi ya Andrea Gritti, doge, yaani mtawala wa Venice, kisha siku mbili zilizobaki tuhamie Mestre, nchi kavu, kwenye bei nafuu. Mimi naona bora hoteli ndogo nzuri humohumo mjini siku zote 3. Waliofika naombeni mwongozo, kwa sababu pesa hii haitachangwa mara ya pili.

Mkaa Padova

Hongereni sana kwa kumkumbuka mzazi. Mimi niko Padova, Venice ni kama nusu saa kwa treni, na wageni wa kutoka nyumbani nawapeleka mimi.

Kabla ya kuhesabu nyota za hoteli, hesabu madaraja. Mji una madaraja zaidi ya 400 na mengi sana ni ya ngazi, unapanda upande huu unashukia ule. Gari linaishia Piazzale Roma, treni inaishia Santa Lucia. Baada ya hapo ni miguu au boti, hata uwe tajiri vipi. Kwa hiyo fungua ramani, tafuta kituo cha vaporetto, lile basi la majini, kisha fuata vichochoro kwa kidole mpaka mlango wa hoteli. Kidole kikivuka maji, hilo ni daraja. Kwa mama yako usikubali hata moja.

Gritti inafaulu, kituo cha Giglio kiko jirani kabisa. Ila iangalie pia Ca' Sagredo, upande wa Cannaregio. Unashuka kituo cha Ca' d'Oro, unatokea barabara ya Strada Nova, na unafika bila kuvuka maji. Ndani kuna ngazi kuu ya marumaru, na kuta zake zina mchoro wa Pietro Longhi wa mwaka 1734. Mbele ya hoteli ni Mfereji Mkuu, na ng'ambo yake ni soko la Rialto. Asubuhi boti zinashusha mboga na samaki, wapagazi wanaitana. Mwalimu wa jiografia atakaa dirishani hapo mpaka chai ipoe.

Mestre mwondolee. Mji ule ni mtamu alfajiri na usiku, watalii wa kutwa wakishaondoka. Ukilala Mestre, saa hizo uko kwenye basi.

Baharia wa Shangani

Mie nimekaa mapokezi miaka 11 hapa Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya kale iliyofanywa hoteli, na Venice nimefika mara moja. Nyumba hizi zina tabia moja: hakuna vyumba viwili sawa. Kule ghorofa waliyoishi wenye nyumba wanaiita piano nobile, yenye dari refu na madirisha makubwa. Chini yake kuna ghorofa fupi iliyokuwa ya ofisi na bohari, na siku hizi nayo ina vitanda. Ukibonyeza tu "chumba cha watu wawili", hujui umepewa kipi.

Na lifti. Majengo yale yanalindwa, huwezi kutoboa ukuta utakavyo. Nilikolala mie waliandika lifti ipo. Ilikuwepo kweli, lakini kuifikia ni ngazi saba, na ukishuka juu kuna nyingine nne. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Kila tukitoka nilitangulia mbele, naye kanishika bega.

Usiwaulize kama wana lifti. Waulize hivi: kutoka mlango wa barabarani mpaka kitandani, mama atakanyaga ngazi ngapi? Na kizingiti cha bafu kina urefu gani? Wajibu kwa namba, kwa maandishi. Wakikuletea maneno matamu yasiyo na namba, hamia kwingine.

Mama Pili

Mwanangu, magoti hayo ninayo. Teksi ya majini kutoka uwanja wa ndege inapita Euro 100, na inapendeza, lakini boti iko chini na gati liko juu. Maji yakipwa, ile hatua ya kuingia inakuwa ndefu, na bado kuna vidato vya kushukia ndani. Vituo vya vaporetto vinaelea, vinapanda na kushuka pamoja na maji, mguu unapita karibu sawasawa. Mpandishe namba 1, inafuata Mfereji Mkuu wote. Ataona majumba yote amekaa.

Novemba ni msimu wa maji kujaa. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187 juu ya alama ya usawa wa bahari. Tangu Oktoba 2020 wana malango ya MOSE ya kuzuia bahari, lakini uwanja wa San Marco uko chini na hulowa mapema. Usimlaze karibu na hapo.

Na hao dada zako wasinune. Mpelekeni Gritti akanywe chai, avae kitenge chake kizuri, mpige picha. Si lazima alale.

Kitinda Mimba

Mama Pili shikamoo, na asanteni wote. Jana niliandikia hoteli tatu swali la Baharia, neno kwa neno. Mbili zimejibu. Moja imesema kila mgeni wao hufurahi. Nyingine imeandika: mlangoni ngazi 1, lifti hadi ghorofa ya pili, bafu halina kizingiti, chumba ni kidogo na kinatazama ua.

Nilimsomea mama. Akaomba miwani, akafuata njia kwenye ramani kwa kidole kutoka kituoni, akafika bila kuvuka maji. Kisha akauliza kama wana chumba kingine kinachotazama mfereji, hata kikiwa kidogo zaidi. Nimewaandikia tena leo asubuhi, nasubiri bei.