Mliowahi kula Krismasi Korea, tupeane uzoefu

MwanaKilosa
Wakuu, habari za jioni. Niko Daejeon tangu mwisho wa Agosti, nasoma kozi ya lugha. Jana nilimuuliza mwalimu wetu, "Krismasi huwa mnakula nini nyumbani?" Akajibu, "Keki." Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Mama huko Kilosa kila akipiga simu anauliza pilau nitakula kwa nani. Mliowahi kula sikukuu huku, leteni uzoefu, msinifiche.

BintiSame
Pole mdogo wangu, ngoja nikupe ya kwangu. Mwaka wa kwanza Seoul, jioni ya tarehe 24 nilivaa kitenge changu kipya nikamgongea jirani wa bwenini, maana alishaniambia ana mpango. Kumbe mpango wenyewe ni mchumba. Manukato ukumbi mzima!

Nikashuka Myeongdong, mtaa wa maduka, peke yangu. Aisee, taa. Duka kubwa la Shinsegae, ukuta wake wote wa mbele umegeuka sinema, watu wamejaa wameinua simu juu. Na kila niliyemtazama kashikana mkono na mtu. Wawili wawili, kama wanaingia safina ya Nuhu. Nikapanda hadi kanisa kuu la Katoliki, lile la matofali la mwaka 1898, nako foleni ya misa haina mwisho. Nimesimama nje na baridi yangu, ukatoka ndani wimbo ninaoujua kwa lugha nisiyoijua. Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Njaa ikauma. Mgahawani wakaniuliza tuko wangapi, nikainua kidole kimoja. Yule kaka akainamisha kichwa kwa adabu zote: meza zina wenyewe. Wa pili hivyo hivyo. Krismasi yangu nilikula ramyeon, zile tambi za kikombe, kwenye duka la saa 24, nimesimama, kitenge kinameremeta.

Keki ni kweli, ya krimu nyeupe na stroberi juu. Muuzaji atakuuliza mishumaa mingapi. Usishtuke, hakuulizi umri.

ChokaMbaya
Safina ya Nuhu 😂😂 Kwa hiyo ni Valentaini iliyovaa sweta.

MzeeWaYadi
Usicheke sana, lina historia hilo. Mimi nimekaa Incheon kwenye yadi za magari yaliyotumika miaka sita. Bosi wangu ni mzee wa sabini na ushei. Anasema enzi za ujana wake ilikuwa marufuku kuonekana barabarani kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Amri hiyo ilianza 1945 wakati jeshi la Marekani linatawala huku, ikaja kuondolewa Januari 1982. Lakini mkesha wa Krismasi walikuwa wanafunguliwa! Sasa wewe fikiria kijana ambaye mwaka mzima saa sita ikikaribia anakimbilia nyumbani, halafu usiku mmoja anaambiwa zurura mpaka kuche. Atakaa na bibi yake ajifunike blanketi? Mzee anasema mitaa ilikuwa haipitiki, hata asiyejua Yesu ni nani alikuwa nje. Mkewe alimpatia usiku huo, mwenyewe akisimulia anacheka mpaka anakohoa.

Kwa mtazamo wangu wapenzi wa leo wamerithi usiku wa wale.

MamaNeema
Jamani msimtishe mtoto, Krismasi ya kanisani ipo na ni tamu. Robo ya watu huku ni Wakristo, au zaidi kidogo. Mimi nilisali kanisa dogo la Wapresbiteri huko Jeonju. Mkesha watoto wanaigiza hori na mamajusi, kondoo mmoja alilala usingizi mbele ya madhabahu wakamwacha. Tarehe 25 ibada, halafu wote chini jikoni: wali, supu ya nyama ya pilipili, kimchi yao ya kabichi chachu, machungwa madogo ya kisiwa cha Jeju. Hakuna anayekuuliza uko na nani. Unapewa bakuli tu.

Shemasi mmoja mama mtu mzima alinisimulia jinsi zamani vijana walivyokuwa wanapita alfajiri nyumba kwa nyumba wakiimba, wenye nyumba wanatoka na peremende na biskuti wanatia kwenye gunia. Sasa watu wako ghorofani, ukiimba saa kumi alfajiri majirani wanapiga simu polisi. Alisema hivyo huku anamenya chungwa, akanipa nusu.

ShujaaWaBukavu
Mimi kiwandani, kaskazini ya Seoul. Tarehe 25 ni kongé, hakuna kazi, tarehe 26 saa mbili asubuhi uko kwenye mashine. Usinywe kama uko Bukavu. Ni hiyo tu.

MinsuYongin
Hamjambo. Mimi ni Mkorea, nasoma Kiswahili chuoni, mnisamehe makosa. Sisi siku ya familia ni Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, sikukuu ya mavuno. Krismasi ukikaa nyumbani na wazazi, rafiki zako wanakuhurumia.

Nilikuwa Dar es Salaam mwaka mmoja. Mwezi Desemba rafiki yangu Mchaga akanipeleka kwao Moshi. Mabasi yamejaa, barabara imejaa, kila mtu amebeba zawadi, tukafika usiku sana, bibi hajalala, anatusubiri. Nikamwambia: hii si Krismasi, hii ni Seollal! Barabara zetu zinakuwa hivyo hivyo.

Kaka Kilosa, usiogope tarehe 25. Ogopa Seollal. Inakuja mwishoni mwa Januari au Februari, chuo kinakuwa kitupu na maduka mengi madogo yanafungwa. Tafuta mwenyeji mapema.

BintiSame
Minsu, hayo ya Seollal mbona mimi hakuna aliyeniambia? Nilikaa bwenini siku tatu na panya mmoja.

PwaniKwetu
Mimi Muislamu wa Tanga, Krismasi si yangu, lakini pilau ni letu sote. Nenda Itaewon, hapo Seoul, panda kile kilima cha msikiti mkuu. Maduka ya chini yake yana basmati, iliki, bizari nyembamba, nyama ya mbuzi ya kuchinjwa kihalali. Mchele wao wa huku usiuguse kwa pilau, utapata uji.

MwanaKilosa
Nimewasoma wote. Mama nimemwambia habari ya keki, kauliza, "Na baada ya keki?" Jumamosi napanda treni, ni saa moja tu mpaka Seoul. Kuna mtu anaagiza kitu?

ShujaaWaBukavu
Mbuzi kilo mbili. Nitakukuta pale kituoni, nyama nitalipa mimi, wewe pika.