SU-8 juu ya kioo: mistari inabanduka na leza haifiki mwisho

Mwera_Optiki
Asalaam alaykum. Natengeneza njia za mwanga za upana wa mikromita 50 kwa SU-8 2050 (resini inayogandana ikimulikwa kwa mwanga wa UV) juu ya slaidi za kioo, za kuonyeshea wanafunzi. Nazungusha mizunguko 3000 kwa dakika, unene unatoka kama mikromita 50. Nakausha nyuzi 95 dakika 8, namulika kwa mwanga wa nm 365, milijuli 160 kwa sentimita mraba, naoka tena, naosha kwa PGMEA (kiyeyushi kinachoondoa resini isiyogandana). Mistari inatoka, lakini ncha zinanyanyuka kama ukoko, na leza ya nm 650 inafifia kabla ya sentimita 3. Masika haya imezidi. Ni unyevu tu au kuna jengine?

Chake_Maabara
Waalaykum salaam. Unyevu umo, lakini mie naishuku zaidi dozi ya mwanga. Milijuli 160 ni kipimo cha visahani vya silikoni, ambayo hurudisha sehemu ya mwanga juu. Kioo kinaupitisha, kwa hivyo zidisha mara 1.5, anza na 240. Dozi ikiwa ndogo, juu panagandana na chini panabaki laini; PGMEA inakula kule chini na mstari unanyanyuka kuanzia nchani. Dalili yake huiona mapema: unapooka baada ya kumulika (nyuzi 65 dakika 1–2, halafu 95 dakika 6–7), umbo la mistari lionekane ndani ya dakika ya kwanza ya 95. Lisipoonekana, usipoteze PGMEA yako.

Kuhusu masika: osha slaidi kwa asetoni, kisha isopropanoli, iweke kwenye hotpleti nyuzi 200 dakika 5, na umimine resini mara tu ikipoa. Ukiiacha mezani kwa hewa ya huku, umeoka bure. Chupa ikitoka kwenye friji isifunguliwe mpaka ifikie joto la chumba. Na baada ya kuoka mara ya pili, zima hotpleti, slaidi ipoe hapo hapo juu yake. SU-8 husinyaa zaidi kuliko kioo. Ukiipoza ghafla inapasuka.

Tunguu365
Taa ni ipi? Zile za saluni za kukaushia rangi za kucha nyingi zina LED za nm 405, na SU-8 haizisikii. Ikiwa balbu ya zebaki, chuja kila kilicho chini ya nm 350, la sivyo kichwa cha mstari kinakuwa kipana kuliko chini.

Mwera_Optiki
LED ya 365. Filamu ya mistari, ile ya kufunikia resini wakati wa kumulika, nimeichapisha kwa printa ya leza ya ofisini, dpi 600 (nukta 600 kwa inchi).

Chake_Maabara
Basi mwanga unapotelea hapo. Nukta ya dpi 600 ni kama mikromita 42, kwa hivyo mstari wako ni nukta moja na ushei. Kingo zina meno, na kila jino linamwaga mwanga pembeni. Agiza filamu ya dpi 25,400. Nukta yake ni mikromita 1. Resini yenyewe haina kosa: kipeo cha kupinda mwanga cha SU-8 ni 1.59 na cha kioo 1.52, mwanga ungeshikwa vizuri tu.

Tazama na ncha kwa hadubini. Ukivunja slaidi, SU-8 hunyofoka badala ya kukatika. Isugue kwa zile karatasi laini za mafundi wa fiba, mikromita 9, 3, halafu 1, kwa maji, ukivuta sambamba na slaidi. Ukisugua kwenda juu unaibandua.