Naomba ushauri: kumpeleka mzee Jeevanjee Gardens, Nairobi

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa mnaofanya kazi katikati ya jiji la Nairobi.

Baba mkwe anakuja kutoka Mombasa mwezi ujao na ameshikilia lazima aione Jeevanjee Gardens, ile bustani kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Ni mpenzi wa historia. Anajua mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani hiyo mwaka 1906, na anajua Zarina Patel, mjukuu wake, alivyopigania isijengwe maduka na maegesho mwaka 1991. Anataka kukaa chini ya miti, asikilize mijadala ya siasa na atazame sanamu ya Jeevanjee.

Shida ni kwamba anatembea kwa mkongojo na masikio yake hayavumilii vipaza sauti. Nimemuuliza mpwa wangu, akasema saa saba mchana ndipo bustani inapochangamka. Jirani yangu naye anasema saa hiyo wahubiri wanapokezana na benchi zote zina watu, wengine wamelala fofofo (siwalaumu, kivuli kile kinavutia). Sasa nimebaki njia panda.

Naomba kujua mambo mawili. Siku gani na saa ngapi mzee atapata benchi na bado akute watu wakijadiliana? Na teksi itushushe upande gani ili asivuke barabara yenye msongamano?

Natanguliza shukrani.