Napaka losheni ya jua SPF 50 kila asubuhi, lakini masikio na shingo bado vinaungua. Nakosea wapi?

FundiBikoni

Wakuu, habari za leo. Naombeni msaada.

Mimi ni mpima ardhi. Siku nne au tano kwa wiki nasimama nyuma ya mashine kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na sehemu nyingi tunazopima hazina hata mti mmoja wa kuegemea. Ngozi yangu ni nyeusi, na kwa miaka tisa ya kazi hii sikuwahi kupaka kitu chochote cha jua. Mwaka huu mambo yamebadilika. Nikirudi jioni ncha za masikio zinawaka moto, nyuma ya shingo ngozi inababuka, na mashavuni yametokea madoa meusi ambayo yanazidi kukolea kila mwezi.

Miezi mitatu iliyopita nilinunua losheni ya SPF 50, chupa ya mililita 100. Napaka kila siku ya kazi kabla ya kutoka nyumbani, sijaruka hata mara moja. Chupa bado iko nusu. Mabadiliko sijayaona.

Halafu nina kero mbili. Nikipaka, uso unakuwa wa kijivu kama nimejipaka majivu. Na jasho likianza kushuka, losheni inaingia machoni, inachoma, nashindwa kusoma kwenye lenzi. Mwenzangu wa kazini ananishauri nitafute SPF 100. Je, hilo ndilo suluhisho, au nimenunua losheni mbaya?

---

Kitwana_B

Kaka, weusi wetu ni kinga tosha. Watu wamefanya kazi juani vizazi na vizazi bila losheni. Hayo madoa huenda yanaletwa na hiyo losheni yenyewe. Ningekuwa wewe ningeacha mwezi mmoja nione.

---

KofiaPana

Ndugu FundiBikoni, naomba nikujibu kwa kirefu, maana jambo hili nimeishi nalo. Nina ualbino. Nina miaka 43, na losheni ya jua napaka kila siku tangu nikiwa darasa la tano. Nilipokuwa na miaka 29 nilikatwa kidonda kwenye sikio la kushoto ambacho kilikuwa hakiponi. Vipimo vikaonyesha ni saratani ya ngozi. Uso wangu nilikuwa naupaka vizuri sana miaka yote hiyo. Masikio nilikuwa nayapitishia kile kinachobaki vidoleni. Kwa hiyo mtu akitaja masikio mimi nasimama.

Katika maelezo yako yote, sentensi iliyonipa jibu ni ile ya chupa. Mililita 100, miezi mitatu, bado nusu. Piga hesabu: umetumia mililita 50 kwa siku za kazi zinazozidi 50. Yaani chini ya mililita moja kwa siku, kwa saa nane za jua.

Ile namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, haipatikani kwa kupaka vyovyote. Maabara wanapaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, ndipo wanapima. Ukipaka robo ya kiasi hicho hupati SPF 50 wala karibu yake. Kwa lugha ya jikoni: uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kila mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, kijiko kingine. Mara ya kwanza chukua kijiko kweli, pima, uone kilivyo kingi. Mimi hupaka kwa awamu mbili: nusu ya kwanza naiacha inywee dakika chache, kisha nusu ya pili juu yake. Kwa mkupuo mmoja inateleza tu na kuishia kwenye kola.

Kisha inarudiwa. Kila baada ya saa mbili, na siku ya jasho jingi mapema zaidi. Baadhi ya chupa zimeandikwa kwamba zinastahimili maji kwa dakika 40 au 80. Mtu anayetiririka jasho kama wewe achukue dakika hizo kama ndiyo saa yake. Ile ya asubuhi uliyopaka kabla ya saa mbili, saa tano ilikuwa imeshaondoka na leso yako, na jua la saa sita lilikukuta huna kitu.

Sasa angalia hesabu ilivyo nzito. Uso na mikono miwili ni vijiko vitatu, mililita 15. Mara nne kwa siku ni mililita 60. Chupa yako haimalizi siku mbili! Ndiyo maana sikushauri ujikinge kwa losheni peke yake, na hapa ndipo naona watu wengi wanakosea kuliko pengine popote. Nguo ndiyo kinga ya kwanza. Losheni ni ya pale nguo isipofika.

Vaa shati la mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Linyanyue kuelekea kwenye mwanga: ukiona vidole vyako kwa upande wa pili, na mionzi nayo inapita. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba inazuia kidogo kuliko unavyodhani, na ikilowa jasho inazuia kidogo zaidi. Na kofia. Nikisoma kwamba vinavyoungua ni masikio na nyuma ya shingo, nakisia wewe unavaa kepu. Kepu inafunika paji la uso na pua, basi. Tafuta kofia yenye ukingo wa mduara mzima, sentimita saba na nusu au zaidi, au iliyoshonewa kitambaa kinachoshuka shingoni. Ukishafanya hivyo, kinachobaki kupakwa ni uso, masikio, mbele ya shingo na migongo ya viganja. Hapo chupa inawezekana.

Kuhusu SPF 100, fedha yako iweke kwenye chupa ya pili. SPF 30 ikipakwa ipasavyo inaruhusu sehemu moja ya thelathini ya mionzi inayounguza, yaani inazuia takribani asilimia 97. SPF 50 inazuia asilimia 98. SPF 100 inazuia 99. Tofauti ipo, lakini haiwezi kulipia mililita nne ulizoacha kupaka.

Ndugu Kitwana, ulichosema kina ukweli ndani yake, sikatai. Vipimo vilivyofanywa kwenye ngozi nyeusi vilionyesha kinga yake ya asili ni kama SPF 13, wakati ngozi ya wazungu ilikuwa kama 3. Ni kinga kubwa, na mimi niliyezaliwa bila hiyo najua thamani yake. Lakini 13 si ukuta. Huyu ndugu yetu anasimama saa nane mahali pasipo na kivuli, na ngozi yake inababuka. Mwili umeshasema.

---

DadaFamasi

Kaka FundiBikoni, mimi ni mfamasia. Hesabu za KofiaPana ni sahihi, sina cha kupunguza. Ninachojiuliza ni kingine: umefanya kazi hii miaka tisa bila kuungua, kwa nini mwaka huu? Jua halijabadilika kiasi hicho. Je, kuna dawa yoyote unatumia siku hizi? Vidonge, sabuni ya dawa, krimu ya kung'arisha au kuondoa madoa? Taja vyote, hata unavyoona havihusiani.

---

FundiBikoni

KofiaPana, umenisoma kama umeniona. Ndiyo, navaa kepu. Na pole sana kwa yaliyokupata, nimesoma maneno yako mara mbili.

Dada, kuhusu dawa: nina chunusi kubwa za mgongoni, daktari aliniandikia doksisaiklini, kidonge kimoja kwa siku. Nilianza kama miezi minne iliyopita. Krimu ya kung'arisha situmii.

---

DadaFamasi

Basi hapo ndipo penyewe. Doksisaiklini inaifanya ngozi iwe nyepesi kuungua juani. Ni jambo linalojulikana na limeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi, ila karatasi ile wengi tunaitupa kabla ya kuifungua, na sisi tunaotoa dawa wakati mwingine tunasahau kusema. Ulipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Usiikatize mwenyewe. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, mweleze kwamba unashinda juani na unaungua, anaweza kukubadilishia. Na wengine mnaosoma: dawa hiyohiyo hupewa pia watu kwa ajili ya kujikinga na malaria, kwa hiyo tahadhari ni ileile.

Jambo la pili linatokana na hilo. Mionzi inayogombana na dawa hii zaidi ni ile ya UVA, inayoingia ndani ya ngozi, inayopita hata kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Namba ya SPF inapima hasa UVB, ile inayounguza juujuu. Kwa hiyo usitazame namba tu. Geuza chupa utafute herufi UVA zikiwa ndani ya duara. Kwa chupa za Ulaya maana yake ni kwamba kinga ya UVA imefikia angalau theluthi moja ya SPF iliyoandikwa. Zilizofuata mtindo wa Japani zina herufi PA na alama za kujumlisha, na alama zikiwa nyingi ndivyo kinga inavyokuwa kubwa. Isipokuwa na dalili yoyote ya UVA, iache dukani.

Ule ukijivu unatokana na oksidi ya zinki au oksidi ya titani. Ni vitu vizuri, havikorofishi ngozi, lakini ni unga mweupe, na kwenye ngozi nyeusi unaonekana. Wewe mwenye madoa ningekuelekeza kwenye losheni yenye rangi, ya kahawia inayokaribia ngozi yako. Rangi yake inatokana na oksidi za chuma, na hizo zinazuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kwenye ngozi zetu nyeusi mwanga huo nao unakoleza madoa, na losheni ya kawaida isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha. Kwa hiyo unaondokana na majivu na unalinda madoa yasizidi, kwa chupa moja. Usitegemee yafutike haraka, yanachukua miezi.

Na chupa usiiache kwenye dashibodi ya gari. Joto linaharibu losheni kabla ya tarehe yake. Ukiona imejitenga maji na mafuta, tupa.

---

KofiaPana

Dada Famasi, asante. Hilo la dawa nisingelijua kamwe.

Nirudi kwenye macho, maana hatujamjibu. Losheni ya maji usiipake juu ya nyusi wala karibu na kope. Jasho linaibeba moja kwa moja. Eneo hilo tumia ile ya kijiti, ngumu kama ya midomo, inashikamana na haitiririki. Funga kitambaa cha kufyonza jasho chini ya kofia. Vaa miwani ya jua unapotembea kati ya bikoni, zile alama za mipaka, uivue ukifika kwenye lenzi. Na unaporudia kupaka saa tano au saa saba, kwanza futa jasho na vumbi kwa kitambaa, subiri ngozi ikauke, ndipo upake. Juu ya jasho haishiki hata kidogo.

Siku ya mawingu usidanganyike. Mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya mionzi, na mimi nimeungua vibaya zaidi siku za mawingu kwa sababu hakuna joto la kukuonya. Kipimo changu ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mimi, jua ni kali, hata kama upepo ni wa baridi.

---

Kitwana_B

Nimejifunza. Hasa hilo la mwanga kukoleza madoa, nilidhani losheni ndiyo inayoyaleta. KofiaPana, ahsante kwa kunijibu kwa upole. Swali: ukitumia na dawa ya mbu, ipi inatangulia?

---

DadaFamasi

Losheni ya jua kwanza, iache inywee, kisha dawa ya mbu juu. Zile zilizochanganywa pamoja kwenye chupa moja sizipendekezi, kwa sababu losheni inatakiwa kurudiwa kila saa mbili na dawa ya mbu haitakiwi kurudiwa kiasi hicho.

---

FundiBikoni

Nimerudi baada ya wiki tatu, kama nilivyowaahidi wawili wenu kwenye ujumbe.

Daktari amenitoa kwenye doksisaiklini, sasa napaka dawa ya chunusi usiku tu. Alisema nilikuwa nipewe onyo mapema, na akaniangalia masikio yote mawili kwa lenzi; hakuna kidonda. Kofia nimepata ya ukingo mpana yenye kitambaa cha nyuma. Siku ya kwanza ukingo ulikuwa unagonga mashine kila nikiinama, nikajifunza kuukunja upande mmoja ninaposoma na kuurudisha. Losheni ya rangi nimechagua baada ya kujaribu tatu mkononi. Ya kwanza ilikuwa na wekundu mwingi, ya pili nyepesi, ya tatu haionekani kabisa. Simu inalia saa nne na nusu, saa sita na nusu na saa nane na nusu. Vijana wangu wameshazoea: ikilia, tunakaa chini ya mwavuli wa mashine, nafuta jasho, napaka, tunakunywa maji.

Shingo imeacha kubabuka wiki ya pili. Masikio hayawaki tena. Madoa yapo palepale, ila hayajaongezeka, na dada alishanieleza kwamba hayo ni ya miezi.

Kilichobaki ni migongo ya viganja. Kila nikishika kigingi na nyundo, losheni inafutika baada ya dakika kumi. Glovu za kawaida zinaninyima kubonyeza vitufe vya mashine. KofiaPana, au yeyote mwenye uzoefu: mmewahi kutumia zile nyembamba zisizo na ncha za vidole, na zinavumilia kazi ya kupigilia?