Viti vya mninga vilivyopauka: vanishi, mafuta au rangi?

Mkazi wa Luchelele
Wakuu, nina meza na viti vinne vya mninga, vinakaa nje mwaka wa nne sasa, ziwa lile pale. Mbao zimekuwa kijivu, vanishi inababuka, na kiti alichokuwa akikalia marehemu baba kinacheza mguu. Sitaki kuviuza wala kuvipasua kuni. Fundi mmoja ananiambia vanishi, mwingine mafuta, mwingine rangi ya mafuta. Nisaidieni kabla vuli haijaanza.

Fundi wa Igoma
Pole sana mkuu. Ukijivu usikutishe: jua huvunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, mvua ikaiosha. Chini yake mninga mzima. Piga msasa namba 80 mpaka wekundu wake utokee, kisha 120, malizia 180, ukifuata nyuzi. Funga kitambaa puani, vumbi la mninga linawasha kifua. Ukipaka chochote juu ya ule ukijivu, kitabanduka nao.

Kiti kinachocheza usikipigilie msumari. Fungua kiungo, kwangua gundi yote ya zamani, weka gundi isiyoogopa maji, kaza kwa kamba mpaka kesho yake. Mimi ningemalizia kwa vanishi ya nje, mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu. Ya ndani jua litaimaliza upesi.

Mama wa Kirumba
Fundi, hapo kwenye vanishi sikubaliani nawe. Ikipata ufa kama unywele, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Unaona doa jeusi, kisha inanyanyuka. Kuirudia lazima uikwangue yote. Viti vyangu vya mvule napaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa (linseed): napaka kwa kitambaa, nangoja robo saa, nafuta yaliyobaki. Kabla ya vuli na kabla ya masika, asubuhi moja tu.

Ila jamani, matambara yake yatandazeni nje au yaloweke majini. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na rundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe.

Mkazi wa Luchelele
Na oili chafu ya gari? Jirani kapaka uzio wake.

Fundi wa Igoma
Kiti hapana. Haikauki vizuri, inashika nguo, na ina uchafu usiofaa ngozi ya mtoto.

Muunda Mitumbwi
Mmesema uso wa mbao tu, nyayo mmezisahau. Mbao hunywa maji zaidi pale ilipokatwa kichwa, ndiyo maana kiti huanza kuoza miguuni. Kabla ya yote, simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta kidogo, ulale nayo usiku kucha. Baadaye weka kigae chini, usikiache kwenye udongo.

Rangi ya mafuta inafaa paini. Mninga ni kuuficha bure. Na msipake jioni. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kama moshi, wote watanasa kwenye vanishi mbichi.

Mkazi wa Luchelele
Asanteni wazee wangu, na wewe mama. Nimeanza na kiti cha baba, wekundu umetoka na harufu yake. Mafuta nitapaka Jumamosi asubuhi. Pale mkono wake ulipokuwa ukiegemea pamelainika kama jiwe la ufukweni. Hapo napita na 180 peke yake.