Filta, vidonge au taa ya UV kwa safari za begi mgongoni? Naomba ushauri kabla sijaagiza

NjiaNdefu (mleta mada)
Wakuu habari za saa hizi. Nataka kununua kitu cha kusafishia maji ya kunywa kwa ajili ya haikingi, zile za kulala nje na begi mgongoni. Nimesoma mitandaoni mpaka kichwa kinauma, kila mtu na lake. Nimebaki na vitatu: filta ya kukamua (Sawyer Squeeze au Katadyn BeFree), vidonge vya klorini, au ile taa ya UV ya kuchovya kwenye chupa. Kipi bora? Nataka kuagiza wiki hii. Natanguliza shukrani.

MzeeSufuria
Sufuria na moto. Uzi ufungwe.

Kipepeo_88
Mleta mada mbona hujasema kitu. Maji yenyewe ni ya wapi, mto unaopita kwenye ng'ombe na nyumba za watu au kijito cha juu mlimani? Meupe au ya tope? Mko wangapi, siku ngapi, usiku kuna baridi ya kugandisha? Bila hayo tunapiga ramli tu hapa.

GramuTu
Filta ya kukamua, hakuna mjadala. Squeeze ni kama gramu 85, inafungwa moja kwa moja kwenye chupa ya kawaida ya soda, unachota unakunywa unaondoka. Matundu yake ni mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), bakteria hapenyi na jiardia, kile kimelea cha kuharisha, ndio kabisa maana yai lake ni karibu mikroni 8 na kuendelea. Anayebeba gesi ya kuchemshia maji ya kunywa anautesa mgongo bure, kila lita inakula gramu 10 mpaka 15 za gesi, piga hesabu ya siku tano uone.

MzeeSufuria
Virusi umeviruka kama hukuviona.

Muuguzi_Mtembezi
Kwenye virusi Mzee ana hoja. Vile vya kuharisha kama rota na noro ni vidogo mno, mikroni 0.1 wanapita wakiimba. Juu mlimani ambako hakuna watu si tatizo kubwa sana, ila mto ukishapita kwenye makazi habari ni nyingine. Klorini inaviua vizuri, lakini nayo ina wake inaowashindwa, kriptosporidiamu (kripto), kimelea kingine cha kuharisha, huyo ana gamba gumu klorini ya kawaida haimfanyi kitu. Kuna vidonge vya klorini dayoksaidi, hivyo vinamuweza lakini vinataka saa 4, wakati bakteria na virusi dakika 30 zinatosha. Soma pakiti usije ukanunua kimoja ukidhani ni kingine. Mimi nachuja kwanza halafu naweka kidonge, na nikishachuja sina haja ya kusubiri hizo saa 4 kwa sababu kripto amebaki kwenye filta.

Kipepeo_88
Na taa ya UV mbona hamuigusi? SteriPEN sekunde 90 kwa lita, haina ladha, inamaliza wote hao hata kripto. Sharti maji yawe maangavu, yakiwa na ukungu mwanga haufiki kwa wadudu.

Tembo_wa_Tatu
Ngoja niwape kisa maana naona filta inasifiwa sana. Tulikuwa watatu, mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa na hakuna maji mengine mpaka kambi inayofuata ambayo ni mwendo wa siku nzima. Filta tulikuwa nayo moja, ya mshikaji mmoja ambaye kama GramuTu hapo juu anapima kila kitu kwa mizani, na lile bomba la sindano la kuisafishia kwa nyuma kaliacha nyumbani ati apunguze uzito. Lita ya kwanza ikapita kwa tabu, ya pili ikawa matone, unaona tone linaning'inia mdomoni mwa filta linafikiria lianguke au lisianguke. Mimi nashikilia chupa yeye anakamua mfuko kwa magoti, mishipa ya shingo imemtoka, mara pwaa mfuko ukapasuka kwenye mshono tope lote likamwagika kwenye mkono wa sweta langu na kwenye chupa safi. Chupa tuliyoisubiri nusu saa nzima!! Mwisho tukaacha maji kwenye sufuria yatulie, tukachota ya juu taratibu, tukayapitisha kwenye kitambaa tukachemsha. Tulianza kutembea jua limeshapanda na gesi imebaki ya uji tu. Tangu siku hiyo filta ya kukamua naiangalia kwa jicho la pembeni.

GramuTu
Pole sana, ila hapo kosa ni la mshikaji, filta umeionea. Bomba la sindano ni gramu chache hata mimi nabeba, na kama huna unaweza kurudisha maji safi kinyume kwa chupa yenye mdomo wa kubana.

Tembo_wa_Tatu
Maji safi gani mkuu wakati hata ya kunywa hatuna 😂

MtotoWaMto
Nyie watu mnateseka. Maji ya mlimani yanayokwenda kasi juu ya mawe yanajisafisha yenyewe. Mimi nakunywa kwa kiganja miaka na miaka sijawahi kuugua.

Muuguzi_Mtembezi
@MtotoWaMto maji kukimbia hakuui mdudu, mnyama aliyejisaidia huko juu humuoni ulipo. Halafu jiardia dalili zake huja wiki moja mpaka mbili baadaye, ushafika nyumbani ushakula vya kila mahali, tumbo likivuruga unalaumu mandazi ya jana. Na niongeze kitu wengi hawapendi kusikia, kuharisha kwingi kwa kambini kunatoka mikononi wala si kwenye maji. Mtu anachuja kwa mikroni 0.1 halafu anatoka chooni anaingiza mkono kwenye mfuko wa karanga wa watu wote.

MzeeSufuria
Choo kiwe mbali na maji, hatua 70 hivi au zaidi, na shimo. Hili halihitaji filta. Turudi kwenye kuchemsha, vijana wanasahau kwamba mlimani lazima uchemshe dakika 20 maana kule maji yanachemka kabla hayajapata moto sawasawa.

Kipepeo_88
Mzee dakika 20 ni za zamani hizo. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, wanasema dakika 1 tangu yaanze kutokota kwelikweli, na ukiwa juu ya mita 2000 dakika 3. Hata mita 4000 maji yanachemka kwenye digrii 86 au 87, wadudu wa tumbo wanaanza kufa mapema kabla ya hapo. Dakika 20 ni kuchoma gesi tu.

MzeeSufuria
CDC hawanywi chai yangu.

Kipepeo_88
Sawa Mzee 😂

KimyaKimya
Mimi huwa nasoma tu ila hapa niseme. Hizo filta za kukamua ndani zina nyuzinyuzi, zikiganda hata mara moja zikiwa na maji ndani zimekufa, maji yanatanuka yanapasua nyuzi na kwa macho huoni kitu, maji yanatoka vizuri tena kwa kasi unafurahi. Usiku wa baridi lala nayo ndani ya begi la kulalia. Ukiwa na wasiwasi ilowanishe kabisa halafu puliza kwa mdomo upande wa kunywea, nyuzi zikiwa nzima hewa haipenyi, ikipita kirahisi tupa.

NjiaNdefu
Asanteni sana wakuu, sikutegemea majibu yote haya. Samahani nilisahau kueleza. Tuko wanne, siku sita. Siku mbili za kwanza njia inafuata mto bondeni, kuna mashamba ya mboga pande zote wanapiga dawa, halafu ndio tunapanda. Mmoja wetu ni mjamzito, miezi minne, daktari kamruhusu. Pia kuna rafiki kanipa vidonge vya iodini anasema vinatosha. Naagiza BeFree basi?

Muuguzi_Mtembezi
Hahaha ulisahau yote hayo! Kwanza iodini weka pembeni, mjamzito asitumie, na mwenye matatizo ya tezi ya shingo vilevile, halafu kripto haimuui. Pili dawa za mashamba hazitoki kwa filta hiyo, wala kwa klorini, wala kwa UV. Kuchemsha ndio kabisa, maji yanapungua dawa inabaki.

Kipepeo_88
Kuna zenye mkaa ndani kama Grayl GeoPress, mkaa unapunguza sehemu ya kemikali na chombo chenyewe kinashika virusi pia. Ila ni nzito karibu nusu kilo, na kila mkandamizo unatoa mililita 710 tu, kwa watu wanne mtakandamiza mpaka mikono iote sugu. Mimi ningebeba maji ya siku hizo mbili au nitafute kijito cha pembeni kinachotoka juu ya mashamba.

GramuTu
Kubeba maji ya watu wanne siku mbili?? Lita moja ni kilo moja ndugu yangu.

Kipepeo_88
Kijito cha pembeni nimesema. Soma.

MzeeSufuria
Ongeza na chai, maji yaliyochemshwa tu hayana raha.

NjiaNdefu
Kwa hiyo ni BeFree na vidonge vya klorini dayoksaidi, au Grayl? Na kile kijito kwenye ramani kinaonekana kama kinakauka kiangazi, sijui.

Tembo_wa_Tatu
Ukigeuza mawazo ukanunua Squeeze, bomba la sindano lisibaki nyumbani.

pwani_mpya
Samahani kuingilia, mimi natembea ufukweni, hizi filta zinaweza kuchuja maji ya bahari yakanyweka?

KimyaKimya
Hapana, chumvi inapita kama kawaida. Fungua uzi wako mkuu, huu ushapotea njia.