Kuunga mbao mpya na sakafu ya zamani

Wakuu, nyumba ya mzee hapa Moshi ina sakafu ya mninga ya kitambo, tumevunja ukuta wa sebule sasa nataka kuendeleza mbao mpya, fundi anasema azigonganishe tu pale mstari mmoja apige misumari. Ni sawa?

— Hapana mkuu, itaonekana kiraka. Ng'oa vipande vya zamani kimoja kirefu kimoja kifupi, mpya ziingie katikati kama meno. Na pima unene kwanza, ya zamani ishapigwa msasa sana lazima imepungua.

— Mbao zilale humo chumbani wiki mbili hivi kabla ya kupigiliwa, ikiwa mbichi ikisinyaa utaona mianya hiyo!

— Na rangi je?

— Msasa zote pamoja ndo vanishi, ila mwanzoni rangi hazitalingana sawasawa.